Mlango wa kati: Serikali, kampuni na simu iliyo mfukoni mwako

Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa upinzani, alipigwa risasi mchana kweupe, Septemba 7, 2017, akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake Dodoma, akitokea bungeni. Risasi 16 zilimpata. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza likachapisha jambo lililoibuka katika shauri la kazi jijini London: kwamba katika wiki zilizotangulia shambulio lile, kampuni ya simu ya Tigo ilikuwa ikiipa Serikali ya Tanzania taarifa za simu za Lissu na mahali alipo, saa 24. Aliyefungua shauri ni mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni mama ya Tigo wakati huo, anayedai alipoteza kazi kwa sababu alilifikisha suala hilo kwa wakubwa wake. Millicom, iliyouza biashara yake ya Tanzania mwaka 2022, ilikana kumfukuza kwa sababu hiyo. Hakuna mahakama iliyosema kwamba taarifa hizo ndizo zilizowafikisha wenye bunduki pale nyumbani, na makala haya hayasemi hivyo.

Swali langu ni dogo kuliko hilo. Habari ile tuiweke fungu gani? Ni Serikali inayofuatilia raia, au ni kampuni inayokusanya taarifa za wateja?

Nauliza kwa sababu mjadala wa faragha, ukianza, hugawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Kuna wanaosema wa kuogopwa ni Serikali, maana ndiyo yenye polisi, jela na mahakama. Kampuni itakufanya nini zaidi ya kukuletea tangazo la viatu? Na kuna wanaosema Serikali hata haina muda na wewe, ila kampuni inajua ulikolala jana, ulichokula na nani umemtumia hela. Kila upande una mifano yake, na kila upande uko sahihi mpaka unapofika kwenye simu za Lissu. Hapo mafungu yote mawili yanakuwa kitu kimoja.

Tuanze na mtambo wenyewe. Tigo haikuhitaji kumwekea mtu yeyote kifaa cha kijasusi. Simu yoyote iliyowashwa hujitambulisha kwa mnara ulio karibu, na ukihama hujitambulisha kwa mnara mwingine. Bila hivyo mtandao usingejua simu yako iitie Mbagala au Mbeya. Mjini minara imekaribiana, kwa hiyo mtaa uliopo unajulikana; kijijini mnara mmoja unahudumia kilomita nyingi na makadirio yanakuwa mapana. Ukipiga, inaandikwa nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi. Kumbukumbu hizo zipo kwa ajili ya kukukata salio na kumaliza ugomvi wa malipo. Ni daftari la biashara, kama la mwenye duka. Maneno mliyozungumza hayamo, lakini anayelisoma kwa makini atajua nani humpigia hakimu usiku, nani hupiga simu kliniki fulani kila wiki, na nani aliacha kulala kwake mwezi uliopita.

Nyumba zetu za kupanga mara nyingi zina vyumba viwili vilivyounganishwa na mlango wa kati. Mwenye nyumba akitaka kupangisha kila chumba peke yake huupiga kufuli mlango ule, na mpangaji huweka kabati mbele yake. Kampuni imekaa chumba kimoja na Serikali chumba cha pili. Sisi tumekesha tukibishana nani kati yao ana tabia mbaya, wakati la kuuliza ni ufunguo wa mlango ule anao nani, na unafunguliwa mara ngapi.

Mara ngapi? Angalau kwa mwaka mmoja tunajua. Juni 2014, mwaka mmoja baada ya Edward Snowden kufichua jinsi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilivyokuwa likichota taarifa kutoka kwa kampuni kubwa za intaneti, kampuni ya Vodafone ilichapisha ripoti ya maombi iliyopokea kutoka kwa serikali za nchi inakofanya biashara. Kwa Tanzania, idadi ya maombi ya taarifa za mawasiliano ilikuwa 98,765. Hiyo ni kampuni moja, mwaka mmoja. Ukigawanya, ni zaidi ya maombi 270 kwa siku, Krismasi na Idi zikiwamo.

Siamini hata kidogo kwamba maombi yote hayo yalikuwa ya siasa. Mtoto akitekwa, kitu cha kwanza tunachotaka polisi wafanye ni kuuliza simu ya mtekaji ilisomeka mnara gani. Mtu akiibiwa milioni mbili kwenye akaunti ya simu, ataishukuru kampuni ikisema hela ilikwenda namba ipi na ikatolewa kwa wakala gani. Tatizo si kwamba mlango una matumizi. Ni kwamba hatuna namna ya kutenganisha ombi la kumsaka mtekaji na ombi la kumfuatilia mbunge, kwa kuwa yote yanapita palepale, na mara nyingi kwa karatasi ya aina ileile.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Si lazima ombi lipite kwa hakimu kwanza. Mkuu wa kituo anaandika barua, anayeipokea anatoa. Anayeona barua haijajitosheleza anaweza kukataa, na yanayofuata baada ya kukataa tuliyaona kwa Maxence Melo.

Melo ni mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, mahali ambapo Watanzania wengi wamekuwa wakiandika kwa majina ya bandia mambo ambayo wasingeyasema kwa majina yao. Polisi walitaka majina halisi ya baadhi ya waandishi hao. Melo akataka kujua kosa linalochunguzwa ni lipi, na hakutoa. Desemba 2016 alikamatwa na kufunguliwa kesi katika Mahakama ya Kisutu. Moja ya kesi zake ilihitimishwa Aprili 2020 kwa kutiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya Sh3 milioni au kifungo cha mwaka mmoja. Faini ililipwa, akatoka.

Weka habari hizi mbili pamoja. Kampuni moja, kwa mujibu wa yaliyosemwa London, ilitoa mienendo ya mteja wake kimyakimya, na mteja mwenyewe akaja kuisoma gazetini baada ya miaka saba. Mtu mwingine alikataa kutoa majina ya wateja wake, akazunguka kizimbani zaidi ya miaka mitatu. Mkurugenzi wa kampuni ya simu aliyekuwa akifuatilia kesi ile hakuhitaji mwanasheria kumtafsiria somo lake.

Laini yenyewe ina wazazi wawili. Mei 1, 2019 Tanzania ilianza kusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na watu wakazimaliza siku hizo kwenye foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho. Aliyeweka sharti ni Serikali. Aliyelitekeleza ni kijana aliyekaa chini ya mwavuli wa kampuni pale kituo cha daladala, na kimashine cha kusoma kidole, akitafuta riziki kwa idadi ya laini anazosajili. Unaweka kidole gumba. Haijasoma, mama, futa jasho uweke tena. Unaweka tena, unapewa karatasi, unaondoka.

Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya mawakala walikuwa wakitumia kidole cha pili kusajili laini ya pili, ambayo mwenye kidole hakuwahi kuiona. Ndiyo sababu leo unaweza kubonyeza *106# na kuangalia ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama hujawahi, fanya sasa kabla hujaendelea kusoma. Tuliambiwa usajili ule ungemaliza utapeli. Meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii” bado inaingia, na safari hii imetoka kwenye laini yenye alama za vidole vya mama wa watu asiyejua lolote.

Upande wa pili wa mzani nao usipunguzwe uzito. Namfahamu fundi cherehani mmoja wa Temeke aliyekopa Sh50,000 kwenye moja ya zile programu za mikopo ya haraka, ndugu wa karibu wa kausha damu wa mtaani. Wakati wa kujiunga, programu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Akabonyeza kukubali, kama sote tunavyobonyeza. Alipochelewa kulipa, meseji zikatoka: kwa mchungaji wake, kwa mawifi wa ndoa aliyokwishaachana nayo, kwa wateja. Ziliwaambia kwamba huyu ni tapeli na wao ndio aliowaweka kuwa wadhamini. Mteja mmoja aliyekuwa ameacha kitambaa cha sare za harusi alikuja kukichukua kabla hakijakatwa. Deni alilimaliza. Wateja hawakurudi wote.

Angalia jambo ambalo hata fundi mwenyewe hakulifikiria: wale mawifi hawakukopa wala kubonyeza chochote. Namba zao zilitolewa na mtu aliyekuwa nazo kwenye simu. Ridhaa ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa ridhaa ya watu wote anaowafahamu.

Hapa Serikali ndiyo iliyokuja kama mkombozi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya ilitangulia. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, ilikwishaanza kutoza faini. Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo yenye programu mbili ilipigwa karibu Sh3 milioni za Kenya kwa kutumia namba za watu wengine kudai madeni, na klabu moja ya starehe Nairobi ikatozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa mtu anayeamini kwamba adui ni kampuni peke yake, mwezi ule ulikuwa mtamu.

Lakini mfuate mkombozi huyo mpaka nyumbani kwake. Mwishoni mwa Julai 2023 maelfu ya Wakenya walijipanga katika jumba la mikutano la KICC na kwenye maduka makubwa kupigwa picha ya mboni ya jicho na kifaa cha mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman wa OpenAI ni mmoja wa waanzilishi wake. Malipo yalikuwa tokeni 25, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya Sh7,000 hivi za Kenya. Agosti 2 Waziri wa Mambo ya Ndani, Kithure Kindiki, akasimamisha zoezi kwa jina la usalama wa wananchi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba.

Sawa kabisa. Ila ni Serikali hiyohiyo ya Kenya ambayo mwaka 2019, katika mradi wa Huduma Namba, ilikuwa imejipa kisheria uwezo wa kukusanya vinasaba vya raia na viwianishi vya mahali nyumba zao zilipo. Hapo hakukuwa hata na tokeni. Jukwaa la Haki za Wanubi, jamii ambayo kwa vizazi imehangaishwa kupata vitambulisho, lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na Januari 30, 2020 majaji watatu wakaviondoa vinasaba na viwianishi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi za mradi huo zilitolewa bila kwanza kutathmini athari kwa data za watu, kama sheria ya mwaka 2019 ilivyotaka. Kizuizi kilichoikamata Worldcoin ni kilekile kilichoikamata Serikali: mahakama iliyouliza tathmini iko wapi na ridhaa iko wapi.

Pale Nairobi mlango wa kati umejaribiwa waziwazi. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kuisamehe mamlaka ya mapato, KRA, baadhi ya masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Data inapotafuta kodi. Muswada wote ulizama Juni mwaka ule, vijana walipojaa barabarani. Mwaka 2025 jambo likarudi kwa sura nyingine, safari hii likiondoa kinga iliyozuia KRA kuunganishwa moja kwa moja na data binafsi za wateja zilizoko kwenye mifumo ya wafanyabiashara. Kamati ya Fedha ya Bunge ikalikataa. Ofisa wa kodi hana haja ya kujua umenunua dawa gani. Lakini mfumo wa duka la dawa unajua, na waya ukishaunganishwa, unachokihitaji na usichokihitaji vyote vinapita.

Baada ya barua na waya, kuna njia ya tatu ya kupita mlangoni, nayo ni pesa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Carpenter, iliamua kwamba polisi wanahitaji kibali cha hakimu ili kupata kumbukumbu za minara zinazoonyesha mtu alikuwa wapi. Mtuhumiwa yule alikuwa amefuatiliwa nyuma kwa siku 127. Ushindi mkubwa. Novemba 2020 chombo cha habari cha Motherboard kikaeleza namna ya kuukwepa. Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na mwelekeo wa Qibla iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode. X-Mode ilikuwa ikiwauzia wakandarasi wa ulinzi, na kupitia hao taarifa zilifika jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukatisha uhusiano huo. Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaipiga marufuku X-Mode kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo.

Hebu mfikirie muumini wa Zanzibar au wa Mvita anayetaka tu kujua Alasiri ni saa ngapi. Hakupelelezwa na mtu. Hakuna barua ya polisi, hakuna jina lake kwenye faili. Alipo paliuzwa kama bidhaa halali, kwa bei ya jumla, akichanganywa na wengine mamilioni. Dola kubwa kuliko zote ilinunua sokoni bidhaa ambayo katiba yake ingeitaka iombe kwanza kwa hakimu.

Najua jibu linalokuja: mimi sina cha kuficha. Hili husemwa na watu waadilifu kabisa, na huwa nawaheshimu, ila nawakumbusha Juni 2021. Wakenya wengi waliingia eCitizen kuangalia tu, wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuviomba hata fulana. Watu wakaanza kukumbuka kila mahali walipoacha namba ya kitambulisho na ya simu: daftari la wageni la askari wa getini, daftari la wakala wa pesa, fomu ya hospitali. Hawakuwa na cha kuficha. Walikuwa na jina, sahihi na namba, na hivyo vilitosha kumfanya mtu awe mwanachama wa chama fulani. Mwalimu au mtumishi wa umma aliyejikuta kwenye orodha ya chama pinzani cha mkoa wake hakuona kichekesho.

Tanzania sasa ina sheria yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 ilikuwa na faragha tangu zamani bila mtu wa kuisimamia kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake Aprili 3, 2024. Ni sheria nzuri kwa hoteli, shule, benki na kliniki. Kwenye mlango wa kati inalegea, kwa kuwa usalama wa Taifa na uchunguzi wa makosa vimepewa msamaha mpana. Kifungu cha 32 cha mwaka 2015 nacho bado kimekaa palepale. Kwa maoni yangu hakuna marekebisho yenye faida kuliko kuondoa kalamu ile mikononi mwa mkuu wa kituo na kumpa hakimu, hata kwa utaratibu wa haraka wa saa chache pale mtoto anapokuwa ametekwa. Likifuatiwa na sharti la kila kampuni kuchapisha idadi ya maombi ya mwaka, kama Vodafone ilivyofanya kwa hiari mwaka 2014, tungejua angalau kama 98,765 imepanda au imeshuka.

Wakati tukisubiri Bunge, sheria ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zinachakatwa kwa lengo gani na zinapelekwa kwa nani. Barua ni fupi: jina, namba ya laini, swali. Ipeleke kwenye duka la kampuni yako ya simu na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Kuhusu matangazo na washirika wa biashara, majibu yapo na wanapaswa kukupa. Kuhusu polisi, jiandae kuambiwa habari ya msamaha. Chukua jibu hilo kwa maandishi pia, uliwasilishe kwenye Tume.